Herufi za Kiarabu: kusoma ni kitu kimoja, kuandika ni kingine

Herufi za Kiarabu zilifika Kasongo, katika Maniema, katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa pwani na dini ya Kiislamu. Hata leo watoto wanazijifunza madrasani. Lakini wengi wanajua kusoma tu, kuandika inawashinda.

Herufi ni 28, na zinaandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Ba, ta na tha zina umbo moja. Nukta ndizo zinazitofautisha: moja chini, mbili juu, tatu juu. Kisha umbo linabadilika kufuatana na mahali herufi iko: mwanzo, katikati ao mwisho wa neno.

Kikwazo kikubwa ni vokali. Kurani ina alama za a, i na u. Barua za kawaida hazina. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma Kurani vizuri, na barua imshinde.

Wazee waliandika hata Kiswahili kwa herufi hizo. Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo, aliandika hivyo habari za maisha yake. Kiarabu hakina p, basi wengi walitumia ba: "bata" na "pata" zikafanana. Na "kuku" ilifanana na "koko". Msomaji anatambua neno kwa maana ya sentensi.

Anayeanza aandike herufi tatu kila siku, kisha jina lake. Na kama nyumbani kuna karatasi ya babu yenye maandishi hayo, musiitupe. Mutafute mzee wa kuisoma angali hai.