Umbali Nao ni Kifungo

Hakimu anaposoma hukumu hutaja miaka. Atasema mitatu, atasema saba, atasema thelathini. Karani ataandika, na askari atamshika mtu mkono. Lakini lipo jambo moja ambalo halisomwi mahakamani wala haliandikwi kwenye jalada, nalo ni kilometa. Mtu huyu atapelekwa gereza gani? Mama yake atapanda magari mangapi mpaka amwone? Leo naomba tukizungumzie hicho kifungo cha pili, kifungo cha umbali, ambacho hutumikiwa na mtu asiye na kosa lolote, yaani yule anayekwenda kutazama.

Watawala wa nchi zetu walilijua jambo hili zamani sana. Wakati wa Wajerumani, mfungwa aliyeshuka barabarani na mnyororo shingoni, yeye na wenzake wamefungwa mstari mmoja, alionwa na kila mtu. Mkewe aliweza kumwona akichimba barabara, ila hakuweza kumkaribia. Hiyo ilikuwa adhabu ya macho. Lakini wakoloni walikuwa na silaha nyingine kwa wale waliowaogopa zaidi: kumtoa mtu kwao kabisa.

Chukua mfano wa Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama wa pwani ya Kenya. Mwaka 1913 aliwahamasisha watu wake wakatae kodi na kazi ya lazima ya Waingereza. Walipomkamata, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, hawakuwafunga Malindi wala Mombasa. Waliwapeleka Kisii, ng'ambo ya pili ya nchi, kuelekea Ziwa Victoria, mahali ambapo hapakuwa na Mgiriama wa kuwapelekea hata kibuyu cha maji. Mwaka 1914 wazee hao wawili walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Hebu fikiri, msikilizaji: nyumbani hakukuweza kuwafuata, basi wao wakakufuata nyumbani.

Miaka minane baadaye ikawa zamu ya Harry Thuku. Alikamatwa Nairobi mwezi Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kumtaka, wanawake wakiwa mbele, na mama mmoja aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume kwa woga wao. Tarehe 16 Machi risasi zikapigwa, watu zaidi ya 20 wakafa, Nyanjiru akiwa mmojawapo. Wale hawakuwa jeshi. Walikuwa watu waliokwenda kwenye mlango wa mahabusu kumuulizia mtu wao. Na serikali ikajibu kwa umbali: Thuku akapelekwa Kismayu, mji ambao leo uko Somalia, na hakuachiwa mpaka mwishoni mwa 1930.

Sasa niwarudishe kwetu Bungu, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, maana huko ndiko nilikojifunza jambo hili kabla sijasoma historia yoyote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilileta Usambara mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ulianzia bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za milima. Watu waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, kazi nzito ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia akina mama, na ambayo haikuongeza chakula ndani ya nyumba. Aliyekaidi alipelekwa barazani, akatozwa faini au akafungwa. Wasambaa waliupinga mpango huo mpaka ukavunjika katika miaka ya mwisho ya 1950.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana siku hizo za matuta. Alitusimulia kwamba mtu wa ukoo akifungwa, ndugu walipeana zamu. Aliondoka mmoja alfajiri na ndizi za kuchemsha ndani ya kikapu, akafika, akamwona mtu wake, na habari zikarudi kijijini kabla wiki haijaisha. Mfungwa alijua nani kazaa, nani kafa, shamba lake limepaliliwa na nani. Kwa maneno ya bibi, kufungwa ilikuwa kama kuugua: mtu haumwi peke yake.

Bibi huyo huyo, akiwa mtu mzima, alikuja kuona kifungo cha namna nyingine. Mwaka 1991 baba yangu mdogo alihukumiwa miaka 5 kwa kukutwa na kahawa ya wizi. Alikuwa na kosa, mahakama ilimwona na kosa, na mimi sisemi vinginevyo. Alipokuwa mahabusu karibu, bibi alishuka mlima kila alipopata nauli. Alipika bada na maharage, akafunga bakuli kwa kanga. Pale mlangoni askari alimwambia, "Mama, onja kwanza." Akaonja kila kitu mbele yao, kijiko kimoja kimoja, akisema, "Mwanangu, mimi nitamuuaje niliyemzaa?" Askari akacheka, akampokea bakuli. Walizoeana hivyo.

Baada ya hukumu baba mdogo alihamishiwa gereza la mkoa mwingine, ambalo sina haja ya kulitaja. Hakuna aliyetuma taarifa. Bibi alishuka na bakuli lake kama kawaida, akaambiwa mtu wako hayupo tena hapa. Ndipo hesabu ya kilometa ilipoanza. Kwanza gari la kutoka Bungu, ambalo siku za mvua halikuwa na uhakika wa kufika. Kisha basi kutoka Korogwe. Kisha kulala stendi juu ya kikapu. Kisha basi la pili, na mwendo wa miguu. Nauli ilitoka kwa mbuzi wawili waliouzwa kwa bei ya shida.

Nilikuwa na miaka 12, nikaenda naye safari ya kwanza kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma mabango ya mabasi. Tulisimama upande huu wa wavu, baba mdogo upande ule, askari katikati. Walizungumza Kisambaa, askari akasema, "Semeni Kiswahili, mama, nami nisikie." Bibi alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kununulia chumvi. Hakuwa na Kiswahili cha kumwambia mwanawe aliyokuwa nayo moyoni. Basi muda wetu, ambao haukufika nusu saa, ulipita kwa kuulizana habari za mvua.

Safari ya pili alikwenda peke yake. Alikuta wafungwa wametolewa kwenda shamba, na waliporudi saa za kutazama zilikuwa zimekwisha. Aliacha sabuni na sukari mlangoni, akageuka. Safari ya tatu haikuwepo, maana mbuzi walikuwa wamekwisha.

Baba mdogo alipunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa mwenendo mzuri, kama sheria inavyoruhusu, akatoka baada ya miaka 3 na miezi 4. Alikuta mkewe amerudi kwao. Mtoto wake, aliyemwacha akitambaa, alimwamkia shikamoo na kumletea kiti kama anavyoletewa mgeni. Hakukaa Bungu hata mwaka. Aliondoka kwenda Tanga kutafuta kibarua, na tuliyemwona tena ni mtu aliyekuja kumzika mama yake. Sasa niulize: hakimu aliyempa miaka 5 kwa kahawa, je, alimhukumu pia kupoteza mke, mtoto na kijiji? Hakumhukumu hivyo. Barabara ndiyo iliyofanya.

Ndugu msikilizaji, kisa hiki si cha Bungu peke yake. Hata wakubwa wa Afrika wamekipitia. Nelson Mandela alipofikishwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila miezi 6. Mazungumzo yalikuwa ya nusu saa, askari wakisikiliza, na miaka ya mwanzo ilikuwa marufuku kuzungumza Kixhosa. Watoto wake wadogo hawakuruhusiwa kabisa mpaka wafike umri wa miaka 16. Mama yake alimtembelea mwaka 1968, akiwa ametoka mbali sana, Transkei. Wiki chache baadaye alifariki, na mwanawe akanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika. Mandela alikuja kumshika mkewe mkono mwezi Mei 1984, katika gereza la Pollsmoor, baada ya zaidi ya miaka 20. Nilipoyasoma hayo, hasa hilo la lugha, nilimkumbuka bibi yangu upande huu wa wavu.

Jomo Kenyatta naye, alipohukumiwa miaka 7 mwezi Aprili 1953, alipelekwa Lokitaung, kwenye jangwa la kaskazini kabisa mwa Kenya. Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakuachiwa, bali alizuiliwa Lodwar, na huko ndiko mkewe, Mama Ngina, aliporuhusiwa kuishi naye. Kenyatta aliachiwa Agosti 1961, na mwanawe Uhuru akazaliwa Oktoba mwaka huo huo. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya. Nyumba iliyoruhusiwa kuonana iliendelea kuwa nyumba.

Tusijifanye kwamba mambo haya yaliondoka na wakoloni. Tanganyika huru ilitunga mwaka 1962 sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Baada ya Rais Abeid Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Abdulrahman Babu na wenzake walishikiliwa huku Bara. Babu hakutoka mpaka 1978. Mwenye hukumu ana tarehe ya kuhesabia, na mkewe anaweza kuchora mistari ukutani. Aliye kizuizini hana tarehe, na anayemngojea hajui anangojea mwaka gani.

Na wapo waliochoka kungoja. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa Kenya, ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, walikwenda bustani ya Uhuru Park mjini Nairobi, wakaketi, wakakataa kula. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walidai wana 52 waachiwe. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao, laana ambayo kila Mwafrika anaijua uzito wake. Walihamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiwa. Wale ni akina mama waliokuwa wamezoea kusimama kwenye milango ya magereza. Walichofanya ni kuuhamishia mlango huo katikati ya jiji, ili na sisi wengine tuuone.

Wapo watakaoniambia: ndugu mtangazaji, gereza si hoteli, mtu hachagui chumba. Nakubali. Wapo wafungwa wa hatari wanaohitaji kuta nene, ambazo haziko kila wilaya. Yapo magereza yaliyojaa, na kuna mashamba ya magereza yanayohitaji mikono. Bwana jela naye ana sababu zake, wala si mtu mbaya. Yule wa bakuli alikuwa mtu mwema. Lakini mwizi wa kahawa si mtu wa hatari. Na siku atakayotoka atahitaji mahali pa kurudi. Tukimrudisha kijijini akiwa mgeni kwa mwanawe, tumemwandalia safari ya kwenda wapi kama si kurudi kule kule alikotoka?

Ulimwengu umelitambua hilo. Mwezi Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la Mandela. Kanuni ya 59 inasema mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, katika gereza lililo karibu na nyumbani kwake. Nasi hapa Tanzania tuna sheria ya bodi za parole ya mwaka 1994 na ile ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002, ambazo zinamwezesha mtu kumalizia au kutumikia adhabu yake akiwa miongoni mwa watu wake. Njia zipo kwenye vitabu vyetu.

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Mfungwa anapohamishwa, nyumbani waambiwe, ili mama wa watu asishuke mlima na bakuli la moto kumfuata mtu aliyekwisha ondoka. Wanaotoka mbali wahurumiwe saa, maana basi la mikoani halijui saa za gereza. Na mtu anapozungumza na mzazi wake, aachwe aseme lugha aliyonyonyeshwa nayo, hata kama itabidi atafutwe askari anayeijua.

Kwako wewe mkazi wa mjini unayesoma haya ndani ya daladala, pengine una mtu wako Ukonga au Segerea, nauli yake haifiki bei ya soda mbili, na bado hujakwenda tangu Idi ile au Krismasi ile. Aibu imekushika, au umemkasirikia. Hasira yako ina haki yake. Lakini wako watu milimani wanaouza mbuzi ili waulizane habari za mvua kwa dakika ishirini. Nenda. Chukua sabuni, chukua habari za nyumbani, na umpeleke mtoto akamjue baba yake.