Mgunga wa Ténéré

Taifa huhifadhi urithi wake kwa njia nyingi: hujenga nyumba za makumbusho, hutunga sheria, huweka uzio. Lakini historia ya mti mmoja wa nchi ya Niger yatufundisha kwamba ulinzi ulio imara kupita wote ni ule ukaao mioyoni mwa watu.

Mti huo ulikuwa mgunga, nao ulisimama katika jangwa la Ténéré, ambalo ni sehemu ya Sahara. Ulikuwa salio la miti iliyostawi huko zamani, kabla nchi ile haijakauka kama ilivyo leo. Wenzake walikufa, nao ukabaki peke yake. Kisima kilipochimbwa karibu nao katika miaka ya 1938 na 1939, ilidhihirika kuwa mizizi yake ilikuwa imeyafuata maji chini ya ardhi kwa zaidi ya meta 30.

Watuareg waliosafirisha chumvi baina ya Bilma na Agadez waliufanya mti huo kuwa alama ya njia. Ngamia wenye njaa walipita ubavuni mwake, na watu waliohitaji kuni za kuchemshia chai walipumzika hapo, wala hawakulikata tawi. Mwaka 1939 Michel Lesourd, afisa wa jeshi la Kifaransa, alistaajabia jambo hilo, akaona kuwa hapana sababu nyingine ila mwiko.

Kisha yakaja malori. Henri Lhote, mtafiti wa Kifaransa, aliuona mti huo mwaka 1934 ukiwa na mashina mawili. Aliporudi mwaka 1959 alikuta shina moja tu. La pili lilikuwa limevunjwa na lori. Mwaka 1973 dereva mwingine akaugonga, nao ukaanguka. Jangwa zima lilikuwa wazi mbele yake. Nafasi ya kupita hakuikosa. Alichokosa ni mwiko ule.

Niger haikunyamaza. Tarehe 8 Novemba 1973 mabaki ya mti yalipelekwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Niamey. Baadaye mti wa chuma ukasimamishwa jangwani mahali pake. Hiyo ni heshima iliyostahili, lakini chuma hakichipui, na majuto ni mjukuu.

Basi sisi tulio walimu na wanafunzi tusingoje shina lililokufa ndipo tuandike historia yake. Tukifika chini ya mbuyu au mkuyu wa kijiji, tuwaulize wazee ni mashauri gani yaliamuliwa hapo, na kwa nini mti huo haukatwi. Mwiko usiofunzwa huzikwa pamoja na wanaoujua, na tangu siku hiyo mti hauna mlinzi.