Pepo za Maskati na Unguja

Ndege inayotoka Maskati leo hufika Unguja kwa saa tano na ushei, mwendo wa takriban kilomita 3,900. Katika karne ya 19 nahodha aliihesabu safari hiyo kwa miezi ya upepo. Jahazi lililoshuka na kaskazi kuanzia Desemba liliweza kufika kwa wiki tatu au nne. Kazi ilikuwa kurudi: lilingoja kusi ianze Aprili, liondoke kabla bahari haijachafuka Juni na Julai, la sivyo likae hadi kusi ipungue nguvu mwezi Agosti au Septemba. Barua ya Desemba, basi, ilijibiwa Mei ikiwa mambo yamenyooka, na iliyokosa msimu ilikawia zaidi. Kalenda hiyo, kuliko ugomvi wowote wa kifalme, ndiyo iliyoizuia dola ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, kubaki moja.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba pepo hizohizo ziliziunganisha pwani mbili hizi kwa karne nyingi, na ni kweli. Majahazi yalileta tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia hii, watumwa. Lakini biashara huvumilia kungoja. Mfanyabiashara aliyekwama Unguja miezi mitatu aliuza, alikopesha, alioa, na watoto wake wakakua wakisema Kiswahili. Kungoja kwenyewe kulizaa undugu. Utawala hauna subira hiyo. Liwali aliyeasi au kabila lililoshika silaha halingoji kusi, na amri inayofika baada ya miezi mitano humkuta mtu mwingine ameshaamua.

Said aliliona hilo, ndiyo maana alihamishia makao yake Unguja na kumwachia mwanawe Thuwaini kuiangalia Maskati. Alikuwa pia na merikebu za mtindo wa Ulaya, na hapa pingamizi lina uzito, kwa kuwa merikebu kubwa huukata upepo vizuri kuliko jahazi. Hata hivyo, alipoondoka Maskati Septemba 1856 katika merikebu yake Victoria, zaidi ya mwezi ulipita akiwa bado baharini, na huko akafariki tarehe 19 Oktoba, karibu na Shelisheli. Mfalme mwenye chombo bora hakuweza kuwa mahali pawili. Mwanawe mwingine, Majid, akashika Unguja, Thuwaini akabaki na Maskati. Thuwaini alipojaribu kuja na merikebu za vita mwaka 1859, Waingereza walimzuia, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, akaamua nchi ziwe mbili, Unguja ikiilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Uamuzi wa Canning ulithibitisha mgawanyiko ambao bahari ilikuwa imeshauchora.

Meli za moshi za barua zilianza kufika Unguja kila mwezi mwaka 1872, na waya wa simu ukafika 1879. Zingeweza kuisaidia dola ile, lau zingekuja mapema. Zilipokuja, zilizosogea karibu zilikuwa Aden, Bombay na London. Balozi wa Uingereza, John Kirk, aliweza kumsukuma Sultan Barghash wa Unguja afunge soko la watumwa mwaka 1873, jambo la haki; miaka 17 baadaye Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza.