Mita za Kuachiana: Karnivali za Baiskeli za Tasmania

Pwani ya kaskazini ya Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa bara la Australia, ina desturi ambayo miji mingi mikubwa imeshindwa kuitunza. Siku ya pili ya Krismasi, wakati kule ni kiangazi na shule zimefungwa, klabu ya baiskeli ya mji mdogo wa Latrobe huandaa karnivali katika uwanja wa mji. Siku zinazofuata zamu huhamia Launceston na Devonport, na tarehe 1 Januari hufika Burnie, ambako karnivali ilianza mwaka 1887. Mchana mmoja hukusanya mbio za baiskeli, mbio za miguu na mashindano ya kukata magogo kwa shoka. Wengi husema karnivali hizi zimedumu kwa sababu ya sikukuu na mapenzi ya watu kwa mambo ya zamani. Sikubaliani nao. Sikukuu zipo kila mahali, na wimbi la baiskeli la miaka ya 1890 lilienea Ulaya na Marekani pia, likajenga viwanja vingi ambavyo baadaye vilibomolewa. Kilichoziokoa karnivali hizi ni kanuni moja ya mashindano: mwenye nguvu humwachia mnyonge mita.

Mbio kuu ya kila mji hupangwa hivi. Mpangaji wa klabu hupitia matokeo ya kila mshiriki, kisha humpa nafasi yake ya kuanzia. Bingwa huanzia mstari wa nyuma kabisa bila kuachiwa hata mita moja. Kijana wa hapohapo mjini anaweza kuwekwa mita mia moja au zaidi mbele yake. Kila mmoja hushikwa na msukumaji wake, mara nyingi baba, kaka au mwenzake wa klabu, anayeinama nyuma ya tandiko akisubiri bastola. Ikilia, wasukumaji wote husukuma kwa nguvu zao zote na waendeshaji hutawanyika. Wa nyuma hawana budi kushirikiana, wakipokezana kukata upepo, kwa kuwa yeyote atakayejaribu peke yake atachoka kabla ya kuwafikia wa mbele. Hao wa mbele nao wakipigania uongozi mapema mno, watamezwa. Kwa hiyo watazamaji waliozunguka uwanja hutazama mbio mbili ndani ya moja, na hakuna anayejua matokeo hadi mzunguko wa mwisho.

Kanuni hiyo haikubuniwa na waendesha baiskeli. Mbio za miguu za Stawell, katika jimbo la Victoria, zilikuwa zikiitumia tangu 1878, na mbio za baiskeli za Austral za Melbourne, zilizoanza 1887, zilijengwa juu yake. Wakata magogo wa Tasmania walifanya jambo hilohilo kwa muda badala ya umbali: stadi alisubiri sekunde zake zihesabiwe huku mwenzake akiwa ameshaanza kukata. Ubingwa wa dunia wa kukata magogo ulishindaniwa Latrobe mwaka 1891. Mkulima au mfanyakazi wa msituni aliyefika karnivalini alikuwa tayari anaielewa haki ya namna hii. Hakuona ajabu mtu mashuhuri kushindwa na jirani yake. Hata Major Taylor, Mmarekani Mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa baiskeli wa 1899, alipofika Australia na kushiriki mbio za Sydney Thousand za 1903, hakushinda. Aliyeshinda ni Mmarekani mwenzake, Norman Hopper.

Lipo pingamizi zito: mfumo huu hualika udanganyifu. Mtu anaweza kuendesha taratibu msimu mzima ili aongezewe mita, kisha aachilie miguu siku ambayo watu wake wameweka dau. Mwaka 1901 Bill Martin aliposhinda Austral, zilivuma tuhuma kwamba mcheza kamari John Wren alikuwa amewanunua washindani. Sitaki kulipunguza jambo hili. Lakini kashfa hiyo ilitokea katika jiji kubwa, ambako fedha za dau zilikuwa nyingi na wengi katika umati hawakufahamiana. Mjini Latrobe mpangaji wa mita na mshindani walikutana sokoni na kanisani, na watazamaji walijua nani alifanya mazoezi na nani alijificha. Ujirani haukufuta ulaghai, ila uliufanya uwe na gharama.

Pingamizi la pili ni kwamba kumfunga bingwa namna hii hudumaza vipaji. Matokeo yanaonyesha kinyume chake. Mwendesha baiskeli Danny Clark, aliyezaliwa George Town kaskazini mwa kisiwa hicho, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akaenda Ulaya na kushinda mbio za siku sita mara 74, akizidiwa na Mbelgiji Patrick Sercu peke yake, mwenye 88. Mbio za siku sita zinadai ujuzi uleule: kuhesabu nguvu, kusoma kundi, na kushirikiana na mtu utakayemshinda dakika moja baadaye. Anayeanzia mstari wa nyuma Burnie hujifunza hayo hata asipopenda.

Lawama ninayoikubali ni nyingine kabisa. Kwa miongo mingi usawa huu uliopimwa kwa mita ulikuwa wa wanaume. Klabu iliyojua kumkadiria kijana dhaifu haikuona haja ya kumkadiria dada yake, ingawa njia ya kufanya hivyo ilikuwa mikononi mwake. Leo wanawake wana mbio zao katika karnivali hizo, nao huachiana mita kwa kanuni ileile. Amy Cure, aliyekulia pwani hiyohiyo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pointi mwaka 2014. Wangekuwapo wengine kabla yake kama mpangaji wa mita angeandika majina yao kwenye orodha yake.