Pampu ya kuvuta mafuta ya Dodge Ram (1998–2002)

Pampu ya kuvuta mafuta ya Dodge Ram ni pampu ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya mizigo ya dizeli aina ya Dodge Ram, yaliyotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini kuanzia katikati ya mwaka 1998 hadi 2002. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuifikisha kwenye pampu ya nozeli. Inajulikana hasa kwa udhaifu wake: ikichoka, huweza kuharibu pampu ya nozeli ambayo ni ghali zaidi. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi huibadilisha kwa mfumo wenye nguvu zaidi.

Historia

Injini ya Cummins yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9 ilianza kufungwa kwenye magari ya Dodge ya mwaka 1989. Matoleo ya kwanza yalikuwa na pampu za kimakanika, na pampu ya kuvuta iliendeshwa na injini yenyewe. Mwaka 1998 ilikuja injini yenye vali 24, pamoja na pampu ya nozeli ya Bosch VP44 inayoongozwa kwa elektroniki. Pampu ya kuvuta ikawa ya umeme, ikafungwa ubavuni mwa injini. Kuanzia magari ya mwaka 2003, VP44 iliachwa.

Chanzo cha tatizo

VP44 hulainishwa na kupozwa na dizeli inayopita ndani yake. Sehemu ya dizeli huenda kwenye nozeli, na inayobaki hurudi tangini ikiwa imebeba joto. Mtiririko ukipungua, pampu hupata joto na kusagika.

Pampu husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Hii ya kiwandani iko mbali na tangi, hivyo hulazimika kuvuta dizeli kupitia bomba refu. Dereva naye hapati dalili mapema, kwa kuwa VP44 ina pampu nyingine ndogo ndani yake inayoweza kujivutia mafuta. Gari huendelea kutembea huku pampu ya nozeli ikiumia.

Kupima

Kabla ya kubadilisha chochote, fundi hufunga geji ya shinikizo kwenye njia ya mafuta kabla ya VP44. Kipimo hufanywa injini ikiwa taratibu, kisha gari likipanda mlima au likivuta mzigo. Mafundi wengi huchukua psi 10 (takriban kPa 70) kuwa kiwango cha chini kinachokubalika. Chujio lililoziba pia hushusha shinikizo, kwa hiyo hubadilishwa kwanza.

Kuboresha mfumo

Kwa kawaida kazi hii huhusisha:

- kufunga pampu mpya kwenye chesisi, karibu na tangi, ili isukume mafuta badala ya kuyavuta kutoka mbali;
- kuweka mabomba mapana zaidi na kuondoa viungo vyembamba;
- kuongeza chujio linalotenganisha maji na dizeli;
- kupeleka umeme wa betri kupitia fyuzi na rilei, ili pampu izimike gari linapozimwa;
- kuacha geji ya kudumu mbele ya dereva;
- kutoa hewa kwenye mabomba kabla ya kuwasha injini.

Tahadhari

Shinikizo kubwa kupita kiasi si faida, kwani linaweza kuharibu sili za VP44. Pampu mpya haiongezi nguvu za injini yenyewe, wala haiponyi VP44 iliyokwisha kusagika. Faida yake ni kuilinda ile ambayo bado nzima. Wakati wa kutoa hewa, mikono iwekwe mbali na mabomba ya nozeli, kwa sababu dizeli yenye shinikizo kubwa inaweza kutoboa ngozi. Jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo, huhitaji hospitali mara moja.