Mchukua Silaha wa Mtwa

Katika habari za Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, kuna kijana ambaye vitabu vya shule humpita mbio. Jina lake Lifumika. Julai 1898 Mtwa alikuwa amebaki na watu wachache mno porini. Ushindi wa Lugalo, ambako Agosti 1891 aliwafyeka askari wa kamanda Mjerumani Zelewski, ulishageuka sifa ya kusimuliwa. Ngome yake ya Kalenga ilikuwa imeanguka tangu Oktoba 1894. Ndugu yake Mpangile alikuwa amesimikwa na Wajerumani, na hao hao wakamuua 1897. Kichwa cha Mkwawa mwenyewe kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Sajini Mjerumani, Merkl, akamnasa Lifumika. Kwa mujibu wa taarifa ya Merkl, kijana alikiri kwamba ni mtumishi wa Mkwawa na kwamba amemwacha bwana wake mgonjwa, mwendo wa saa chache kutoka hapo. Akaongoza njia. Walipokaribia waliona watu wawili wamelala chini, Merkl akafyatua risasi kutoka mbali. Risasi yenyewe haikuwa na kazi. Mkwawa alikuwa maiti tayari, na kando yake kijana mwingine, naye maiti. Inavyosimuliwa, Mtwa alimpiga risasi yule kijana kwanza, kisha akajimaliza mwenyewe.

Basi kulikuwa na vijana wawili waliokuwa wakimtumikia mtu mmoja. Aliyebaki aliuawa na bwana wake, aliyeondoka akaishi na kuitwa msaliti.

Nayaandika haya nikiwa Njombe, na mahali ni muhimu. Mwandishi wa Kalenga hana uhuru nilio nao mimi katika jambo hili. Ubena ulibanwa kati ya Wahehe kaskazini na Wangoni kusini. Wapo Wabena waliomfuata Mtengera kushuka hadi bonde la Kilombero, na wapo waliojificha msituni na mapangoni. Mzee yeyote wa hapa mjini atakuelekeza Nyumba Nitu na kukwambia babu zake waliingia mle kuwakimbia akina nani. Kwa hiyo Mbena anapomtaja Mkwawa anamtaja kwa fahari ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini, na papo hapo anakumbuka nani alikuwa akiswaga ng'ombe wa nani. Kwenye vilabu vya ulanzi utani wa jambo hili hauishi. Lakini hata katika utani huo, Lifumika hana mtetezi.

Ukitaka kumwelewa, kitabu cha kulinganisha naye kimo karibu katika kila nyumba ya mkoa huu. Wamisionari wa Berlin waliingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga Kidugala, Yakobi na kwingineko, na hadi leo watu wa hapa wanamjua Mfalme Sauli wa Biblia kuliko wanavyomjua Munyigumba, baba yake Mkwawa. Samweli wa Kwanza ni kisa cha mtawala na vijana aliowalea. Daudi anapofika kwa Sauli anapendwa, na anafanywa mchukua silaha wake. Anakula mezani kwa mfalme, anampigia kinubi, anaoa binti yake. Anaua Wafilisti kwa jina la Sauli bila kuuliza maswali. Siku mkuki wa Sauli unapopita karibu na kichwa chake na kukita ukutani, ndipo anaanza kukimbia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa maoni yangu. Kijana wa vita hapotezi imani kwa sababu mtawala ni mkatili. Ukatili kwa maadui anaujua, ameushika kwa mikono yake mwenyewe, na mara nyingi ameufurahia. Imani inamtoka pale anapogundua kwamba na yeye yumo katika hesabu ya vitu vinavyoweza kutumiwa vikaisha, pamoja na baruti na mbuzi wa safari.

Daudi hakulipiza. Pangoni En-gedi anakata upindo wa vazi la mfalme, na hata hicho kidogo kinamsumbua moyo. Anamwita Sauli baba. Huku ndiko kupoteza imani bila kupoteza adabu, na mila zetu zingeupenda mfano huu. Lakini Daudi alikuwa mwanamume, alikuwa na wafuasi mia kadhaa na ahadi ya kiti. Hebu tumtazame aliyekuwa hana hata kimoja cha hivyo.

Mikali, binti Sauli, ndiye wa kwanza katika nyumba ile kumgeuka mfalme kwa vitendo. Wajumbe wa baba yake wanaizingira nyumba kumngoja Daudi auawe asubuhi. Mikali anamteremsha mumewe dirishani usiku, analaza kinyago kitandani, anakiwekea singa za mbuzi kichwani na kukifunika nguo, kisha anawaambia wajumbe kwamba mumewe mgonjwa. Hakushika mkuki, lakini sioni askari wa Sauli aliyefanya jambo la hatari kuliko hilo. Malipo yake? Baba yake akampa mwanamume mwingine. Miaka ilipopita, Daudi, ambaye sasa naye ni mtawala, akamdai arudishwe kama anayedai mali, na yule mume wa pili akafuata nyuma akilia. Mikali alipoteza imani kwa mtawala aliyemzaa, halafu kwa mtawala aliyemwokoa. Wahubiri wengi niliowasikia humkumbuka kwa kumdharau Daudi alipocheza mbele ya sanduku. Ya dirishani hawayataji.

Sasa njoo kwenye mlima Gilboa, maana hapo Sauli na Mkwawa wanafanana kiasi cha kutisha. Wote wawili wamezingirwa. Wote wawili wana kijana anayewabebea silaha. Wote wawili wanaona afadhali kufa kuliko kushikwa na adui. Wote wawili, baada ya kufa, wanakatwa kichwa na adui zao. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuurudisha mwili wa mfalme wao. Wahehe walingoja hadi Juni 1954 ndipo Twining, Gavana wa Tanganyika, akaleta fuvu la Mkwawa Kalenga, ingawa kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles tangu 1919.

Tofauti ni moja, na kwangu hiyo ndiyo inayopima mizani. Sauli alimwomba mchukua silaha wake amuue. Kijana akaogopa, akakataa. Sauli hakumlazimisha wala hakumgeuzia upanga. Akajiangusha juu ya wake mwenyewe, na kijana, kwa hiari yake, akamfuata. Kule porini Uhehe, kama masimulizi ni ya kweli, hakuna aliyeulizwa.

Najua jibu litakalotolewa. Wajerumani walikuwa wakinyonga watu, na Mkwawa pengine alimwondolea kijana fedheha na mateso. Hoja hiyo ina uzito. Tena habari hii yote tumeipata kupitia kalamu ya sajini aliyekuwa na zawadi ya kudai, na maneno ya mateka aliyezungukwa na bunduki. Hata hivyo, Lifumika aliyekuwa akimsikiliza bwana wake akikohoa usiku hakuwa na nafasi ya kupima hoja za heshima. Alimjua Mkwawa kuliko sisi tunavyomjua. Akaondoka.

Kuna mtu wa tatu kwenye kisa cha Gilboa: kijana Mwamaleki aliyekuja mbio kwa Daudi na taji la Sauli mkononi, akijigamba kwamba ndiye aliyemmaliza, akitarajia kutunzwa. Daudi aliamuru auawe. Mila nyingi zinamchukia mleta habari wa kifo cha mtawala, hata pale aliyepokea habari ndiye aliyefaidika nayo. Nadhani sifa mbaya ya Lifumika imetoka hapo. Tumempa hukumu ya Mwamaleki ilhali mali alichukua Merkl.

Pwani wao ni wakali zaidi. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, mfalme wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti yake, na mtoto anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Msimulizi hampi kijana yule sababu yoyote isipokuwa tamaa, na baada ya kazi kwisha mfalme hana haja naye tena. Kama mtoto yule aliwahi kumwogopa baba ambaye hata mshale haukumuumiza, hatutajua. Utenzi hauna nafasi kwa swali hilo, na sioni haja ya kuulaumu, kwa kuwa ulitungwa kumwinua Liyongo. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969, angalau alimwachia Kitunda, mkuu wa wapiganaji wa Maji Maji, ashuke moyo mbele ya macho yetu na bado tumheshimu.

Shuka Makambako usimame pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Mbeya na Tunduma, nyingine ikipanda Njombe hadi Songea. Malori yanayotoka Kongo na shaba hupita hapo mchana na usiku, na madereva wake wanazo habari za huko kuliko magazeti yetu. Kisa cha Lifumika kilirudiwa Kongo, kwa Kiswahili, tukiwa hai.

Laurent-Désiré Kabila, aliyeishi miaka mingi Dar es Salaam, alianza safari ya kumng'oa Mobutu mwaka 1996 akiwa na jeshi lililojaa kadogo, watoto waliookotwa Kivu na kupewa bunduki. Walitembea msituni upande mmoja wa nchi hadi mwingine na kuingia Kinshasa Mei 1997. Walimwita Mzee. Waliona maiti za kutosha njiani na hawakutetereka. Lakini Novemba 2000 kamanda wao kipenzi, Anselme Masasu, aliuawa kwa tuhuma za njama, na kadogo kadhaa wakauawa pia. Tarehe 16 Januari 2001, mmoja wa walinzi wa Kabila, kijana aliyetoka katika kundi hilo, aliingia ofisini kwa Mzee na kumpiga risasi. Naye akauawa papo hapo. Nani alimtuma ni mjadala usiokwisha. Mimi naona hata kama alitumwa, waliomtuma walikuta mlango umeshafunguliwa na mauaji ya Novemba. Aliyemrithi Mzee ni mwanawe Joseph, aliyesoma sekondari Mbeya, saa chache tu kutoka pale malori yanapopumzika.

Na msichana? Yupo, wa Uganda, tena ameandika mwenyewe. China Keitetsi, aliyezaliwa 1976, aliingia katika jeshi la msituni la Museveni akiwa bado mtoto, akawa kadogo kama wengine. Hata jina la China alibandikwa na mkufunzi jeshini. Vita vilipokwisha na Museveni akaapishwa Januari 1986, Keitetsi hakuachiliwa. Anaeleza jinsi maofisa walivyowatumia wasichana waliokuwa chini yao, na jinsi jeshi lililomlea lilivyokuwa ndilo la kuogopwa. Mwaka 1995 alitoroka hadi Afrika Kusini, na 1999 akapokewa Denmark kama mkimbizi. Kitabu chake kilitoka 2002. Sikubali kila anachosema kuhusu siasa za Uganda, lakini katika watu wote niliowataja yeye pekee ndiye tunayeisikia sauti yake bila sajini, bila mshairi na bila mwandishi wa mahakama. Yeye pia, kama Mikali, alilipa kwa mwili wake kitu ambacho kadogo wa kiume hawakulipa kwa kiasi hicho.

Tukiwapanga pamoja, hukumu yangu ni hii: Lifumika hakuwa msaliti. Aliondoka kabla hajakamatwa, hakumfuata adui, na aliongoza njia akiwa mateka. Usaliti wa kweli katika vita vile wanao watu wazima waliopokea vyeo. Walimu wa Historia na Kiswahili wa Njombe, Makambako na Iringa, mnapowapa wanafunzi swali la ushujaa wa Mkwawa, waulizeni pia wangefanya nini wao, mgonjwa akiwa na bunduki na usiku ukiwa umeingia. Wanafunzi wenu wana umri ule ule.