Kalinzi, kodi na jasho la mtu

Hapa kwetu Kivu ya Kusini, ukitaja kodi, mabishano hayakawii. Wanasiasa wanasema raia hawapendi kulipa. Raia wanajibu: kila mtu ale jasho lake, Leta ilitupatia nini? Sisi tunaofundisha historia tunajua kwamba jibu hilo si la jana.

Kwa Bashi, mbele wazungu hawajafika, mtu aliyetaka shamba alipeleka kalinzi kwa Mwami ao kwa mkubwa wa kijiji: ng'ombe, ao mbuzi. Kisha hapo alipanda migomba yake, na watoto wakarithi. Asiyekuwa na kalinzi aliomba bwasa, yaani shamba la muda, na hakuruhusiwa kupanda mgomba, sababu mgomba unakaa miaka. Tusidanganyane: mwenye ng'ombe ndiye alipata zaidi, na maskini alibaki kulimia wengine. Lakini kila mtu aliona kwa macho alichotoa na alichopata.

Leta ya Leopold II ilivunja hesabu hiyo. Amri ya mwezi wa 11 mwaka 1903 ilidai kazi ya saa 40 kwa mwezi. Saa 40 kwenye karatasi! Mu pori la mpira hakuna aliyehesabu saa, walipima kilo. Mipira ya karibu ilipokwisha, mtu alikwenda mbali zaidi, juhudi ikaongezeka, malipo yakabaki yale yale. Aliyepunguza kilo alipigwa fimbo, ao mke wake alishikwa rehani.

Ubelgiji ulichukua nchi mwaka 1908, na kwa amri ya 1910 kodi ikawa ya franka, mwenye wake wengi akiongezewa. Wakubwa wa koloni walisema kodi itamfundisha mtu mweusi kupenda kazi. Kumbe babu zetu walikuwa wanalima tangu zamani! Walichotafuta ni mikono ya migodi na ya mashamba makubwa, maana mgomba hauzai franka. Asiyelipa alifungwa. Mwaka 1917 wakaleta na mazao ya lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka.

Katiba ya 2006, kifungu cha 65, inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mkongomani. Kifungu cha 175 kinaachia majimbo 40% ya mapato ya taifa. Wajibu wa kwanza raia anakumbushwa kila siku. Hiyo 40% imebishaniwa miaka mingi.

Na sisi walimu? Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walitulipa, kila mwezi, mama akiuza mihogo sokoni ili mtoto asifukuzwe. Hakuna sheria ya kodi iliyomlazimisha, lakini alitoa, sababu mtoto alirudi nyumbani anasoma. Mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya msingi ikatangazwa bure. Tulifurahi, kisha tukaanza kungoja mshahara. Siku moja mama kama huyo alitukuta njiani akatuuliza: « Mwalimu, ile kodi ya meza yangu pale sokoni, si ndiyo inawalipa? » Tulimwambia inapashwa kuwa hivyo. Alitazama viatu vyetu, akacheka kidogo, akaendelea na njia yake.